Siku za Shule na Siku za Shamba

Katika vitabu vya Jubilei tumezoea kusoma habari za waliojenga kanisa la kwanza, za kengele iliyoletwa kwa mashua, na za walimu waliofundisha chini ya mwembe kabla nyumba ya shule haijaezekwa. Habari hizo ni njema na zastahili kuandikwa. Lakini mwalimu ye yote aliyepata kufundisha shambani alijua neno jingine, lisilokosa kuwako mwaka hata mwaka, nalo ni ugomvi wa siku. Mzazi mmoja ataka shule ifungwe wakati wa mavuno. Wa pili ataka isifungwe kabisa. Wa tatu amwondoa mtoto wake bila kumwuliza mtu. Mpunga unapoanza kutia punje, madawati hubaki matupu, kwa kuwa watoto wako dunguni wakiamia ndege.

Wako watu wadhanio kwamba mashindano hayo ni ya huku kwetu tu, na kwamba Waingereza walioleta shule nyingi katika nchi hizi walitoka mahali ambapo kengele ikilia kila mtoto huenda darasani na mzazi hunyamaza. Sivyo. Wazazi wa Uingereza waliteta na walimu, na serikali, na wao kwa wao juu ya siku za shule, nao hawajaacha hata leo. Yafaa habari zao zijulikane hapa, maana desturi zetu nyingi za muhula na likizo zimetoka kwao.

Na tuanze na ndege hao hao. Joseph Arch alizaliwa mwaka 1826 katika kijiji cha Barford, jimbo la Warwickshire. Alipokuwa na umri wa miaka tisa aliacha shule akaajiriwa kuamia ndege katika mashamba ya ngano. Siku yake ya kazi ilikuwa ya saa kumi na mbili, na ujira wake peni nne. Siku sita kwa peni nne ni shilingi mbili kwa juma, na kwa nyumba ya mkulima wa kibarua fedha hizo zilikuwa mkate. Arch huyu ndiye aliyeanzisha chama kikubwa cha wafanya kazi wa mashamba mwaka 1872, akaingia Bungeni mwaka 1885. Basi asiseme mtu kwamba mtoto aliyetumwa kuamia ndege alikuwa na wazazi wapumbavu, au kwamba yeye mwenyewe hakuwa na akili.

Zamani za utoto wa Arch hapakuwa na sheria ya kumlazimisha mzazi. Ugomvi ulipata nguvu fedha ilipoingia. Mwaka 1862 serikali, kwa shauri la Robert Lowe, ilitoa kanuni mpya za msaada wa shule. Kila shule iliyosaidiwa ilipewa shilingi 4 kwa kila mtoto kwa kadiri ya mahudhurio. Tena shilingi 8 kwa kila mtoto aliyepita umri wa miaka sita akafaulu mbele ya mkaguzi katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Akishindwa somo moja, zilikatwa shilingi 2 na peni 8. Kwa hiyo kiti kitupu kilikuwa hasara ya shule, na mara nyingi hasara ya mwalimu mwenyewe, kwa kuwa mshahara wake ulitegemea msaada huo. Mzazi alipoteza peni kwa kumpeleka mtoto shule, na mwalimu alipoteza shilingi mtoto asipokuja. Katika hali hiyo amani haikuwa rahisi.

Kanuni zile zile zilimwagiza mwalimu mkuu aandike kitabu cha habari za shule. Vitabu hivyo vingi vimehifadhiwa, na asomaye atamwona mwalimu akihuzunika kwa mwendo wa miezi: watoto wamekwenda kupanda viazi, wamekwenda kuokota mawe shambani, wamekwenda kuchuma matunda ya mwituni, wamekwenda kutazama gulio. Hapana mahubiri humo, ni hesabu tu ya walioko na wasioko.

Jambo lililomsumbua sana mwalimu wa kijiji ni kuokota masazo. Wasomaji wanamjua Ruthu katika shamba la Boazi. Desturi hiyo ilikuwako Uingereza hata katika karne ya 19: ngano ikiisha kuvunwa na kuondolewa, wanawake maskini na watoto wao waliingia kuokota masuke yaliyobaki, na nyumba yenye watoto wengi wepesi iliweza kupata unga wa kutosha miezi mingi. Katika parokia nyingine kengele ya kanisa ililia asubuhi kuwapa watu ruhusa ya kuingia shambani, na jioni kuwatoa, ili asiwepo wa kuwatangulia wenzake. Fikirini basi: kengele ya kanisa yawaita watoto shambani, na kengele ya shule, aghalabu shule ya kanisa lile lile, yawaita darasani. Mama mjane angefuata ipi?

Sheria zilikuja polepole. Ile ya mwaka 1870 iliweka Halmashauri za Shule, ikaziruhusu kuwalazimisha watoto wa miaka 5 hata 13 kama zikipenda. Ile ya mwaka 1880 ililazimisha kila mahali, kwa watoto wa miaka 5 hata 10. Umri ukapandishwa kuwa 11 mwaka 1893, na 12 mwaka 1899. Karo ya kila juma ilibaki katika shule nyingi hata mwaka 1891, serikali ilipoanza kutoa shilingi 10 kwa mwaka kwa kila mtoto. Lakini katikati ya hayo kuna kifungu ambacho wengi hukisahau. Sheria ya mwaka 1876 ilikubali kwamba mtoto aliyepita umri wa miaka 8 aweza kupewa ruhusa ya kufanya kazi ya shamba na mavuno, mradi siku zake zisipite majuma sita katika mwaka. Yaani Bunge lenyewe, lililokuwa likikaza kamba, lilijua kwamba likiikaza mno itakatika.

Tena ni nani aliyemshitaki mzazi mkaidi? Katika vijiji vingi waliokaa katika kamati za shule na katika baraza la hukumu walikuwa wenye mashamba, nao ndio waliowaajiri watoto. Faini ilikuwa ndogo, na mara nyingi haikutozwa. Kwa upande mwingine, fundi wa viatu au mwenye duka, ambaye mavuno hayakumpa kitu, hakuwa na sababu ya kutaka shule ifungwe. Mtoto wake alikaa darasani na wenzake wachache, akingoja wengine warudi ili somo liendelee. Hapo ndipo mzazi alipoanza kugombana na mzazi.

Mahali palipopata dawa ni jimbo la Kent. Huko hulimwa mmea uitwao hopu, upandao juu ya nguzo na kamba kama mtambuu, na maua yake hutiwa katika bia iwe na uchungu. Maua hayo yakikomaa, mwishoni mwa Agosti na katika Septemba, hayangoji, na zamani yalichumwa kwa mikono. Walimu wa Kent walipochoka kuandika majina ya wasiokuja, shule za vijiji zilihamisha likizo kubwa ifuate hopu. Mwaka ambao maua yalichelewa, likizo nayo ilichelewa. Ndivyo vita vilivyopoa. Mimi naona shauri hilo lilikuwa la hekima kuliko faini zote, kwa kuwa siku zilihesabiwa kwa kutazama shamba, na mtoto hakulazimika kumwasi mama yake wala mwalimu wake.

Lakini dawa ya kijiji haikuponya mji. Kila mwaka maelfu ya mama wa mashariki ya London, maskini wa vichochoro, walifunga vyombo vyao, wakapanda magari ya moshi yaliyowekwa kwa ajili yao, wakaenda Kent na watoto wao kuchuma hopu. Walilala katika vibanda, wakapika nje, wakalipwa kwa pishi. Kwa wengi hiyo ndiyo safari yao ya pekee katika mwaka mzima, na hewa safi ya pekee. Kanisa nalo liliwafuata: Padre Richard Wilson wa Stepney aliwaona watu wa parokia yake wakiugua huko bila msaada, akaanzisha hospitali ndogo huko Five Oak Green mwishoni mwa karne ya 19. Shule za London zilipofunguliwa baada ya likizo, watoto hao bado walikuwa mashambani. Mwalimu wa London aliona utoro. Mama aliona viatu vya baridi vilivyonunuliwa kwa fedha ya hopu. Ugomvi huo haukwisha kwa hukumu ya mtu. Ulikwisha katika miaka ya 1950 na 1960, mitambo ilipochukua kazi ya mikono.

Huko kaskazini, Lancashire, siku zilitawaliwa na viwanda vya pamba. Kila mji ulikuwa na juma lake la kupumzika, na asili yake ni mkesha wa mtakatifu wa kanisa la mahali hapo. Baadaye wenye viwanda walilishika juma hilo: mashine zilizimwa, mji wote ukaenda pwani, Blackpool hasa, na shule zikafungwa vilevile. Mji huu ulifunga juma hili, jirani yake juma jingine. Viwanda vilipokufa katika nusu ya pili ya karne ya 20, desturi hiyo ikafa navyo.

Basi mtu aweza kuuliza: siku hizi, mtoto wa Uingereza hatumwi tena kuamia ndege, ugomvi umebaki wa nini? Umebaki wa safari. Likizo zikifika nauli hupanda sana, na wazazi wengi hupenda kusafiri kabla au baada yake. Zamani mwalimu mkuu aliweza kutoa ruhusa ya siku kumi kwa mwaka. Tangu Septemba 2013 alikatazwa, isipokuwa kwa sababu ya pekee. Mwaka 2015 baba mmoja wa kisiwa cha Wight alimpeleka binti yake Marekani, katika jimbo la Florida, kwa siku saba za shule bila ruhusa. Alitozwa faini ya pauni 60. Hakulipa, ikawa 120, na bado hakulipa. Mahakama ya kisiwani haikumtia hatiani, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikakubaliana nayo, kwa kuwa sheria yadai mtoto ahudhurie “kwa utaratibu,” na binti huyu alikuwa amehudhuria zaidi ya siku 90 kwa kila mia. Lakini tarehe 6 Aprili 2017 Mahakama ya Juu kabisa iliitengua hukumu hiyo. Jaji Lady Hale alieleza kwamba kuhudhuria kwa utaratibu ni kuhudhuria kwa kufuata kanuni za shule, na kwamba mtoto mmoja akiondoka, kazi ya wenzake nayo huvurugika. Tazameni, ni yule mtoto wa fundi wa viatu aliyekaa akingoja. Mwaka 2024 faini ilipandishwa kuwa pauni 80, na wako wazazi wanaoihesabu pamoja na nauli.

Huku kwetu fitina hiyo imepata kugeuka juu chini. Nchini Kenya, wenye mihula mitatu kwa mwaka, palikuwa na wazazi waliotaka watoto wafundishwe hata wakati wa likizo, nao walilipa; wengine walilia kwamba hawana cha kulipa, na kwamba mtoto amechoka. Sheria ya Elimu ya mwaka 2013 ilikataza masomo hayo ya likizo, ikaagiza tarehe za muhula zishikwe. Hata hivyo katika mwaka 2021 na 2022 likizo zilifupishwa na mihula ikasongamana, ili kufidia miezi iliyopotea shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa ajili ya korona.

Limebaki neno la siku takatifu. Sheria ile ya Uingereza ya mwaka 1870 ilisema wazi kwamba mtoto asilazimishwe kuhudhuria shule siku iliyotengwa na dini ya mzazi wake kwa ibada. Neno hilo dogo halikufutwa. Limo katika sheria ya mwaka 1944, na katika ile ya mwaka 1996. Katika London ya mwaka 1900 shule kubwa ya Wayahudi, yenye watoto zaidi ya 4,000, ilifungwa Jumamosi na katika sikukuu zao. Kwa neno lile lile mtoto wa Kiislamu wa Birmingham hukaa nyumbani siku ya Idi pasipo hatia.

Katika pwani yetu neno hilo lilikuwa gumu zaidi, kwa kuwa palikuwa na mafundisho kabla ya shule za misioni. Vyuo vya Kurani vilikuwa na juma lao: mapumziko yalikuwa Alhamisi mchana na Ijumaa. Misioni ilikuja na Jumapili. Wadachi walipoanzisha shule ya serikali Tanga katika miaka ya 1890, hawakufundisha humo dini ya Kikristo, maana walijua wazazi wa pwani wasingewatoa watoto wao. Lakini kuondoa somo la dini ni rahisi kuliko kupatanisha majuma mawili. Siku hizi Idi ni siku ya mapumziko kwa wote, Kenya na Tanzania, kama ilivyo Krismasi. Lakini mtoto wa Tanga au Mombasa asomaye pote pawili, Jumamosi na Jumapili shule ikifungwa, huchukua juzuu yake akaenda chuoni; na mama zao wangali wakibishana kama apumzishwe siku moja, na siku ipi.