Tulifundishwa Kufungua Word, Tukasahau Kuandika Programu

Wasee, Jumamosi iliyopita nilirudi kufundisha watoto wa Phase 4 kuandika programu za kompyuta. Nimekaa nje miaka minne. Nilikuja na laptopu moja, noti zangu za zamani, na watoto saba wamebanana kwa benchi. Dakika ya tano nikaaibika.

Niliandika neno print, nikaacha nafasi, nikaweka "Dandora" ndani ya alama za kunukuu. Kompyuta ikakataa. Kijana mmoja niliyemfundisha 2020, shule zikiwa zimefungwa juu ya Korona, akaniambia polepole, "Ticha, hiyo ni Python 2. Siku hizi lazima uweke mabano."

Nilipofika keja nikaangalia. Waliotengeneza Python waliacha kuhudumia toleo la 2 tarehe 1 Januari 2020. Kumbe hata wakati ule, na kile kitabu changu cha mtumba, nilikuwa nafundisha marehemu.

Hapo ndipo nilianza kujiuliza: ukiacha kitu miaka, unarudije? Nikasoma historia, nikapata si mimi peke yangu. Kuna nchi nzima ziliacha.

Chukua Uingereza. Mwisho wa 1981 BBC ilishirikiana na kampuni ya Acorn kutoa kompyuta iliyoitwa BBC Micro, na mwaka uliofuata kukawa na vipindi vya televisheni vya kuwafunza watu kuitumia. Ukiiwasha, ilikuwa inakungoja uandike BASIC. Mtoto hangeweza kukwepa programu. Halafu miaka ya tisini ikafika, mashine zikawa na picha na vitufe vya kubonyeza, na shule zikageukia Word, Excel na PowerPoint. Watoto wakajua kutumia kompyuta lakini hawakujua inafikiria vipi. Huko Cambridge wahadhiri wakaanza kuona wanaoomba nafasi ya sayansi ya kompyuta wanakuja bila msingi. Hiyo ni sababu moja Raspberry Pi, kile kikompyuta kidogo cha bei rahisi, kilitolewa 2012. Septemba 2014 Uingereza ikarudisha programu darasani, kuanzia watoto wa miaka 5.

Sasa rudi mtaani. Sisi tulikuwa na "packages". Unajua hiyo stori. Ukimaliza Form Four, mzazi anatafuta doo, unapelekwa kale ka-college ka juu ya duka, unafanya Word, Excel, Access, unatoka na cheti cha kufremu. Siwacheki. Siz wangu alipata kazi ya saiba na hicho cheti. Lakini hakuna mtu alituambia kwamba Word yenyewe iliandikwa na mtu, na huyo mtu anaweza kuwa wewe. Somo la Computer Studies lilikuwa kwa KCSE, na programu zilikuwa ndani, lakini shule yangu haikuwa nalo.

Serikali nayo ikaanza na vifaa. 2013 tuliahidiwa laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ikakwama. 2016 zikaja tableti badala yake, na kwa jumla vifaa zaidi ya milioni 1 vikapelekwa shuleni. 2022 taasisi ya mitaala, KICD, ikapitisha silabasi ya kufundisha watoto kuandika programu. Kwa karatasi, tumerudi. Lakini tableti haijui kumuuliza mtoto, "Unadhani imekataa kwa nini?" Hiyo ni kazi ya mtu, na mtu huyo lazima awe amekaa hapo wiki baada ya wiki.

Na mimi ndiye niliyeondoka. 2021 nilienda chuo, mwaka wa pili karo ikanishinda nikatoka. Nikaona aibu kurudi kwa wale watoto. Ningewaambia nini, someni mfike mahali nimefukuzwa na bili? Nikanyamaza, nikafanya video. Wao wakaendelea kukua.

Najua kuna mtu atasema, "Buda, si AI inaandika yote sasa?" Nilijaribu. Niliiambia iandike programu ya kuhesabu michango ya chama cha mathe. Ikaandika haraka, ikafanya kazi. Lakini mtu akikosa mwezi mmoja tu, jina lake lilitoka kwa hesabu ya gawio mwisho wa mwaka. Niliona kosa kwa sababu najua kusoma kilichoandikwa. Mtu wa packages angebonyeza tu, na mama wa watu angelala bila doo yake.

Kuna kitu kuhusu Dandora ambacho watoto wetu hawaambiwi. Mtaa huu ulianza miaka ya sabini kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ploti kama 6,000. Watu wengi hawakupewa nyumba iliyokamilika. Walipewa ploti, choo na maji. Vyumba walijijengea wenyewe, kimoja kimoja, doo ikipatikana. Mradi ulikuwa na shida zake, na ploti nyingi ziliishia kwa mikono mingine. Lakini nyumba nyingi unazoziona hapa zilijengwa hivyo.

Ndio maana nimechoka na miradi ya kutuletea kitu kimekamilika tubonyeze. Nipe choo na maji, nitajenga. Wafundishe watoto vitu vitano vya msingi: kigezo, sharti, kurudia, orodha, na kusoma kosa bila kuogopa.

Jumamosi hii narudi. Nimechoma zile noti. Yule kijana wa mabano ndiye ataanza somo, mimi nitakaa kwa benchi na wengine. Wewe je, uliacha kufundisha nini juu ya aibu?