Nyaraka za Kidijitali: Zana za Kuandaa, Kuskani na Kubadilisha Faili kwa Usalama

Maombi ya ajira Serikalini, mikopo ya elimu ya juu na huduma nyingine nyingi za umma nchini Tanzania hupokelewa kwa njia ya mtandao. Mwombaji wa ajira hupakia vyeti vyake katika mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na mwombaji wa mkopo hutumia mfumo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Cheti halali kilichoskaniwa kikiwa hafifu, kilichokatwa pembeni au chenye faili kubwa kupita kiwango kinaweza kumkosesha mwenyewe nafasi anayoistahili. Zana nyingi za kuepuka hasara hiyo hazilipiwi, na baadhi yake tayari zimo katika simu au kompyuta ya mwananchi.

Kuandaa waraka

Barua ya maombi na wasifu huweza kuandikwa kwa Microsoft Word, Google Docs au LibreOffice Writer, ambayo hupatikana bila malipo na hufanya kazi bila intaneti. Baada ya kukamilika, waraka unapaswa kuhifadhiwa kama PDF. Mfumo huo wa faili ulianzishwa na kampuni ya Adobe mwaka 1993 na ukawa kiwango cha kimataifa, ISO 32000, mwaka 2008. Faida yake kuu ni kwamba mpangilio wa maandishi, majedwali na picha haubadiliki faili inapofunguliwa kwenye kifaa kingine.

Programu zote tatu zilizotajwa zinaweza kutoa PDF moja kwa moja. Kompyuta zenye Windows 10 na matoleo yaliyofuata zina kichapishi kiitwacho Microsoft Print to PDF, ambacho badala ya kutoa karatasi hutengeneza faili. Simu nyingi za Android nazo huruhusu kuhifadhi waraka kama PDF kupitia amri ya kuchapisha.

Kuskani kwa simu

Picha ya kawaida ya cheti hubeba vivuli, meza na pembe zilizopinda. Programu ya kuskani hutambua kingo za karatasi, hunyoosha ukurasa na kuunganisha kurasa kadhaa katika faili moja. Watumiaji wa Android wanaweza kutumia Google Drive, na wenye iPhone wanaweza kutumia programu ya Notes iliyomo ndani ya simu.

Karatasi iwekwe juu ya sehemu bapa yenye rangi tofauti nayo, karibu na dirisha, na simu ishikwe sambamba na karatasi. Cheti kilichotiwa plastiki huakisi mwanga, hivyo kisiskaniwe chini ya taa ya moja kwa moja. Kabla ya kutuma, faili ifunguliwe na kukuzwa ili kuhakikisha kuwa majina, namba ya cheti, saini na muhuri vinasomeka.

Kupunguza ukubwa wa faili

Kwa mashine ya kuskani, nukta 300 kwa inchi zinatosha kwa maandishi ya kawaida. Ukurasa wa A4 ulioskaniwa kwa rangi katika kiwango hicho huwa na takriban megabaiti 26 kabla ya kubanwa. Ukiwa wa kijivu huwa chini ya megabaiti 9. Kushusha kiwango hadi nukta 150 hupunguza data hiyo hadi robo yake. Rangi ihifadhiwe pale inapohitajika, kwa mfano kwenye nakala yenye muhuri wa wakili, na kurasa nyingine ziskaniwe kwa kijivu.

Kubadilisha picha kuwa maandishi

Waraka ulioskaniwa ni picha, hivyo maneno yake hayawezi kutafutwa wala kuhaririwa hadi yatambuliwe na programu maalumu. Google Docs hufanya kazi hiyo kwa faili iliyohifadhiwa katika Google Drive. Tesseract, programu huria isiyolipiwa, hutambua maandishi ya lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Matokeo yahakikiwe kwa jicho, hasa tarakimu, kwa kuwa sifuri na herufi O huchanganywa kwa urahisi.

Tahadhari

Tovuti za kubadilisha faili bila malipo humtaka mtumiaji kupakia waraka kwenye kompyuta za mtu mwingine. Machi 2025, ofisi ya Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, iliyopo Denver ilitahadharisha kwamba wahalifu hutumia baadhi ya zana za aina hiyo kusambaza programu hasidi na kuiba taarifa. Kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa na taarifa za benki vishughulikiwe ndani ya kifaa cha mwenyewe kila inapowezekana. Anayetumia kompyuta ya steshenari aondoke baada ya kufuta faili zake, pamoja na zile zilizobaki kwenye sehemu ya takataka, na kufunga akaunti ya barua pepe.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamlinda mwananchi ambaye taarifa zake zimetumiwa kinyume cha utaratibu. Malalamiko huwasilishwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Zana hizi hazibadilishi uhalali wa waraka. Kurekebisha jina, alama au tarehe katika nakala ya cheti ni kughushi, na ni kosa la jinai. Vyeti halisi vitunzwe mahali pakavu na salama, kwa kuwa mwombaji anayeitwa kwenye usaili hutakiwa kufika navyo.