Tiketi mbili, mzigo mmoja: hesabu ya kufanya mbele ya kupanda ndege za bei ndogo

Mfanyabiashara wa Butembo anayeenda kununua vitu Dubai ao Guangzhou, mgonjwa anayepelekwa India, mwanafunzi anayerudi masomoni: wote wanatafuta tiketi ya bei ndogo. Mara nyingi inapatikana kwa kuunganisha kampuni mbili, moja mpaka katikati ya njia, nyingine mpaka mwisho. Bei inapendeza. Lakini kama ndege ya kwanza imechelewa ao mzigo umepita kilo, feza yote uliyookoa inaweza kuisha kwa siku moja, na zaidi yake.

Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwisho wa Januari 2025 vita vilipofika mjini, na ule wa Kavumu karibu na Bukavu ukafuata mwezi wa Februari. Tangu hapo wakaaji wengi wa Kivu wanaanza safari kwa barabara mpaka Kigali ao Entebbe. Kwa hiyo safari iko na sehemu nyingi kuliko zamani, na kila sehemu inaweza kuharibu ile inayofuata.

Kwa nini bei iko ndogo

Kampuni za bei ndogo zinauza kiti, basi. Valizi, chakula, kuchagua kiti, kubadilisha tarehe, kila kitu kiko na bei yake pembeni. Flydubai na Air Arabia, zinazofika Entebbe, ziko za aina hiyo. Ulaya kuko Ryanair na easyJet. Hiyo si udanganyifu, ni namna yao ya kufanya kazi. Makosa ni kulinganisha bei ya kiti kitupu na bei ya kampuni nyingine ambayo tayari inahesabu valizi mbili. Linganisha bei kisha kuongeza mzigo wako wote.

Tiketi moja ao mbili?

Hili ndilo ulizo la kwanza. Kama safari yote iko kwenye tiketi moja, kampuni ndiyo inabeba hatari. Ndege ya kwanza ikichelewa na ukakosa ya pili, inapaswa kukupandisha ndege nyingine bila kulipa tena. Na mara nyingi mzigo unaenda wenyewe mpaka mwisho.

Kama uko na tiketi mbili, hata kama ajanse imezichapisha kwenye karatasi moja, hatari iko juu yako. Kampuni ya pili haijui kama ulikuwa kwenye ndege ya kwanza. Ikikuita na haupo, inaandika kwamba haukufika. Kampuni nyingi zinafuta pia tiketi ya kurudi kama umekosa ya kwenda.

Namna ya kujua: angalia kodi ya safari, ile ya herufi na namba sita. Kodi mbili, mara nyingi ni tiketi mbili. Lakini hata kama kodi ni moja, ajanse za intaneti zinaweza kuunganisha kampuni zisizojuana. Kwa hiyo uliza wazi: "Nikikosa ndege ya pili sababu ya kuchelewa kwa ya kwanza, nani ananilipia?" Omba jibu kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa telefone.

Kampuni ya bei ndogo inaweza pia kuuza tiketi moja pamoja na kampuni kubwa. Flydubai na Emirates wanafanya hivyo. Bei inaweza kupanda kidogo, lakini uko unanunua usalama.

Kuhesabu masaa

Saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya pale ndege iko. Mashariki mwa Kongo na Rwanda ziko kwenye saa moja. Uganda, Kenya na Ethiopia ziko mbele kwa saa moja, Dubai kwa masaa mawili. Ukitoka Kasindi ao Mahagi kuelekea Entebbe, umeshapoteza saa moja ulipovuka mpaka.

Tahadhari ingine ni ya usiku. 02:30 kwenye tiketi si saa mbili na nusu, ni saa nane na nusu za usiku. Tena, kama imeandikwa 02:30 tarehe 15, unapaswa kuwa uwanjani tarehe 14 jioni. Ukienda tarehe 15 jioni, ndege imeshaondoka tangu usiku uliopita.

Tuchukue mfano. Uko na tiketi mbili. Ndege ya kwanza inakufikisha Entebbe 20:10, ya pili inaondoka 23:40. Mtu anasema: niko na masaa matatu na nusu. Hapana. Kwenye kampuni nyingi, gishe ya kupokea mizigo inafungwa saa moja mbele ya ndege kuondoka, ni kusema 22:40. Zinabaki masaa mawili na nusu. Toa dakika 45 za kutoka ndani ya ndege na kupita polisi ya mpaka, toa dakika 40 za kungojea valizi. Umebaki na saa moja na dakika 5 za kupanga mstari. Ndege ya kwanza ikichelewa saa moja tu, umebaki na dakika tano.

Kwa tiketi mbili, acha masaa sita mchana. Kama ndege ya pili ndiyo ya mwisho ya siku, ni heri kulala. Chumba cha usiku mmoja kinaweza kugharimu kidogo kuliko tiketi mpya.

Barabara nayo ihesabiwe. Kutoka Gisenyi mpaka Kigali ni karibu kilomita 150 za milima. Kampala mpaka Entebbe ni karibu kilomita 40, lakini jioni gari zinajaa sana. Uliza siku ile ile mpaka unafungwa saa ngapi, na ukiweza vuka siku moja mbele.

Uwanja si ule ule

Air Arabia inatua Sharjah, si Dubai. Kwenye uwanja wa Dubai kwenyewe, ndege nyingi za flydubai zinatumia jengo la 2, na Emirates jengo la 3, upande mwingine wa uwanja. Kwa wanaoenda Ubelgiji, ndege nyingi za Ryanair zinatua Charleroi, mbali na Zaventem. Soma herufi tatu: DXB ni Dubai, SHJ ni Sharjah, BRU ni Zaventem, CRL ni Charleroi. Kama herufi za kufika na za kuondoka hazifanani, unabadilisha uwanja.

Viza ya kupita

Kwa tiketi mbili na mzigo wa chini, unapaswa kuingia inchini, kuchukua valizi, kisha kuipeleka tena kwenye gishe. Kwa Dubai ao Sharjah, mwenye paspoti ya Kongo anahitaji viza ili aingie. Ulaya ni vigumu zaidi: Kongo ni moja ya inchi 12 ambazo raia wake wanaombwa viza na inchi za Schengen hata kama wanabadilisha ndege tu bila kutoka nje ya uwanja. Wenye viza ao karata ya ukaaji ya inchi fulani wanasamehewa, lakini uliza ubalozi mbele ya kulipa tiketi.

Kilo na ukubwa wa mzigo

Kuko namna mbili za kuhesabu. Ya kwanza ni uzito wote: kilo 30, kwa mfano, ugawanye namna unapenda. Ya pili ni vipande: valizi mbili za kilo 23. Hapo, moja ikiwa na kilo 27 na nyingine kilo 19, bado unalipa juu ya ile ya 27. Na kipande kimoja kisipite kilo 32, kwani viwanja vingi vinakikataa hata ukilipa.

Kwa tiketi mbili, kampuni yenye kilo chache ndiyo inaamua. Ukitoka na valizi mbili za 23, ni kilo 46. Kama kampuni ya pili inakubali 30, uko na kilo 16 za ziada. Tukiweka dola 10 kwa kilo, ni dola 160. Lipia kilo hizo kwenye intaneti mbele ya safari; gisheni bei inapanda.

Ukubwa nao unapimwa. Kipimo cha kawaida ni sentimita 158 ukijumlisha urefu, upana na kimo. Kartoni la televizyo ao baiskeli ya mtoto inapita hapo, hata kama ni nyepesi. Pima na metre nyumbani.

Wenye mzigo mwingi wafikirie kuutuma kama fret. Lakini huko wanahesabu pia nafasi: zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha gawa kwa 6000. Kartoni la 80 kwa 60 kwa 50 linalipiwa kilo 40, hata kama balansi inaonyesha 22.

Mkononi, kampuni nyingi za bei ndogo zinakubali kilo 7 mpaka 10. Weka humo feza, paspoti, diplome, karata ya chanjo na dawa. Pawabenki pia iende mkononi, chini ni marufuku. Ile ya 20000 mAh inapita. Ikipita karibu 27000, inaomba ruhusa ya kampuni.

Kama mambo yameharibika

Gisheni, soma karatasi wanayofunga kwenye valizi. Herufi tatu za mwisho zinaonyesha pale mzigo utashukia. Kama zinaonyesha EBB na wewe unaenda mbali zaidi, ujue utaichukua Entebbe. Piga picha ya valizi, chunga kipande cha karatasi.

Mzigo ukikosa kufika, usitoke kwenye chumba cha mizigo bila kuandikisha ripoti. Kongo iko ndani ya Mapatano ya Montréal ya 1999 tangu mwaka 2014. Mapatano hayo yanatoa siku 7 za kulalamika kwa maandishi kama mzigo umeharibika, na siku 21 kama ulichelewa, kuanzia siku uliupokea. Usipofika kisha siku 21, unaweza kudai kama umepotea. Malipo ya juu, tangu mwisho wa 2024, ni karibu dola 2000 kwa msafiri mmoja, isipokuwa kama ulitangaza bei ya mali yako na kulipa nyongeza. Mwenye mali ya dola 5000 ndani ya valizi ajue hilo.

Maulizo ya kuuliza ajanse mbele ya kutoa feza

Ni tiketi moja ao mbili? Mzigo unafika wapi? Kilo ngapi kwa kila kampuni? Ni uwanja ule ule? Ninahitaji viza ya kupita? Ajanse ikishindwa kujibu moja kati ya hayo, chunga feza yako kwanza, uulize kwingine.