Maji, Sheria na Nyumba ya Sayansi

Watu wa Mkunya, katika Wilaya ya Newala, wakaa juu ya uwanda ambao mvua yake humezwa na mchanga. Kabla mashine hazijaanza kupandisha maji kutoka mabondeni, katika miaka ya 1950, wanawake walishuka mteremko na kupanda tena, mitungi kichwani. Mzaliwa wa huko akionyeshwa nyumba mpya haulizi kwanza ina vyumba vingapi. Huuliza maji yatafikaje.

Swali hilo lafaa kuulizwa katika historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo kilianza tarehe 25 Oktoba 1961 ndani ya nyumba ya TANU, Mtaa wa Lumumba, na fani iliyotangulia ilikuwa sheria. Si ajabu. Sheria yataka vitabu, viti na mwalimu. Kitivo cha Sayansi kilifuata mwaka 1965, chuo kilipokwisha kuhamia Mlimani mwaka 1964. Kwani kemia yataka maji kila meza, gesi, mfereji wa kutolea tindikali, na dohani ya kuondolea mvuke wenye sumu. Haipangishwi chumba mjini kama wakili.

Basi atakaye kuikusanya idara iliyotawanyika katika majengo ya zamani hukosea akianza kwa kuhesabu vyumba vitupu. Ofisi huhamishwa kwa siku moja; sinki haihamishwi mpaka sakafu ipasuliwe. Yafaa maabara zenye maji zipangwe moja juu ya nyingine, mabomba yapite njia moja, na ofisi pamoja na vyumba vya hisabati vipewe upande mkavu. Mizani nyepesi na darubini zikae chini kabisa, pasipotikisika.

Walakini kukusanya kuna mpaka wake. Kitivo cha uganga, mwaka 1968, kilikaa Muhimbili kwenye hospitali. Kilimo, mwaka 1969, kikawekwa Morogoro penye mashamba, na mwaka 1984 kikawa chuo kikuu chenyewe, yaani Sokoine. Taasisi ya Sayansi za Bahari, ya mwaka 1978, iko Unguja. Washika fedha hupenda paa moja. Mimi ningeunganisha ghala la kemikali, karakana ya vyombo, na chumba cha chai (wala sifanyi mzaha: wa mimea na wa wanyama wasipokutana hapo, hukutana katika barua za malalamiko). Lakini mtaalamu wa bahari ukimhamishia Mlimani, utampa ofisi nzuri, na samaki wake watamfikia wamekwisha kuoza.