Gitaa Kavu la Mfuko Mdogo: Kutoka Katanga hadi Parramatta

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka sehemu kubwa ya Afrika akinasa muziki, alimkuta kijana mmoja akipiga gitaa mtaani Jadotville, mji wa migodi wa Katanga ambao leo unaitwa Likasi. Kijana alikuwa Mwenda Jean Bosco, karani, mzaliwa wa Bunkeya mwaka 1930. Alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia: gumba likitembeza besi, kidole cha shahada kikiimba juu yake. Anayesikiliza wimbo wake "Masanga" kwa mara ya kwanza huapa kuwa wapigaji ni wawili.

Santuri za Bosco zilitoka chini ya chapa ya Gallotone, mali ya kampuni ya Gallo ya Johannesburg iliyoanzishwa na Eric Gallo mwaka 1926. Chapa hiyohiyo ilibandikwa kwenye magitaa makavu ya bei nafuu yaliyoundwa Afrika Kusini na kusambaa kusini na katikati ya bara. Kampuni ilikuuzia santuri, ukatamani kupiga kama huyo uliyemsikia, kisha ikakuuzia gitaa. Biashara haikukosa akili.

Na njia ya kufika Katanga ilikuwepo. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, nayo migodi ya shaba ilikusanya maelfu ya vijana wenye mshahara na jioni za kupoteza. Wasiokuwa na mshahara walijiundia magitaa. Huko Léopoldville, Kinshasa ya leo, Franco Luambo alianza kwa gitaa la kopo lenye nyuzi za waya wa umeme uliochunwa, wakati mama yake akiuza maandazi sokoni. Gitaa la kweli alilishika kwa mpiga gitaa Paul Ebengo Dewayon. Kapo, yaani kibano cha kubana nyuzi shingoni, nayo haikununuliwa: kipande cha penseli na kamba iliyokazwa nyuma ya shingo vilitosha.

Pwani na bara ya Kenya, gitaa lilikuwa limeshapata mlango mwingine, nao ni jeshi. Fundi Konde alijiunga na kikosi cha burudani cha jeshi la Afrika Mashariki mwaka 1944, akawapigia askari hadi India na Burma, na baada ya vita akawa miongoni mwa wanamuziki wa Kenya waliosikika sana redioni. Kisha Wakatanga wakaja wenyewe Nairobi. Edouard Masengo alitangaza Coca-Cola, naye Bosco alipofika mwaka 1959 alitangaza dawa ya Aspro. Waliowasikia walichukua mtindo na kuugeuza. Magharibi mwa Kenya George Mukabi aliuingiza katika omutibo, mtindo wa gitaa wa huko, huku mwenzake akikwaruza chupa ya Fanta kushika mapigo. Gitaa moja kavu na chupa moja ya soda, na bendi imekamilika.

Lakini kwa nini magitaa ya Gallotone, na si Martin au Gibson za Marekani? Jibu halimo kwenye muziki, limo benki. Baada ya Vita Kuu ya Pili nchi zilizotumia pauni ziliishiwa dola, zikabana bidhaa za Marekani. Uingereza ilizuia magitaa ya Marekani kuanzia 1951 hadi 1959. Hivyo gitaa kutoka Afrika Kusini, lisilohitaji hata dola moja, lilipata soko lisilotarajiwa. Mmoja wa wanunuzi alikuwa John Lennon wa Liverpool. Tarehe 6 Julai 1957, siku alipokutana na Paul McCartney kwenye sherehe ya kanisa Woolton, alikuwa na Gallotone Champion. Ndani yake kulikuwa na kibandiko kilichohakikisha kwamba gitaa halitapasuka. Mwaka 1999 liliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's kwa zaidi ya pauni 150,000, bei ambayo karani yeyote wa Jadotville angeiona kuwa kichekesho.

Ahadi ile ya kutopasuka haikuwa uongo wa wauzaji. Gitaa hilo lilikuwa la plaiwudi: tabaka nyembamba za mbao zilizogandishwa kwa gundi, kila moja ikipingana na nyingine, hivyo ufa ukianza hukosa pa kwenda. Hasara yake ni sauti. Uso wa gitaa ndio unaotetemeka, na plaiwudi hutetemeka kwa uvivu. Ubao mmoja mzima, mara nyingi wa msprusi, huitika haraka na huzidi kufunguka kadiri miaka inavyopita, ila unataka matunzo.

Australia nayo ilibanwa na dola. Mwaka 1946 Bill May alianzisha Maton huko Melbourne, wakati wanamuziki wengi wa nchi hiyo waliamini gitaa zuri ni lazima livuke bahari. Alitumia mbao za kwao, kama maple ya Queensland na akasia nyeusi. Kizuizi kilichofungua soko kwa Gallotone kwingine kilimpa Maton nafasi nyumbani, na kiwanda kipo hadi leo. Tatizo ni kwamba leo Maton mpya si gitaa la mtu anayehesabu senti.

Na wanaohesabu senti hawakosekani Parramatta. Mji huo, makazi ya pili ya Waingereza katika bara la Australia, yaliyoanzishwa Novemba 1788 kwenye ardhi ya Waburramattagal, umekaa katikati ya upande wa Sydney ambako wageni hufikia. Kitongoji cha jirani, Villawood, kilikuwa na hosteli ya wahamiaji ambamo vijana kutoka Uholanzi, Scotland na Uingereza walikutana na kuunda bendi ya The Easybeats mwaka 1964. Siku hizi, kati ya Parramatta na Blacktown, kuna Wakongo, Waburundi, Wakenya na Watanzania, baadhi yao wakiwa wamepitia kambi za wakimbizi za Tanzania, Kenya au Uganda kabla ya kupata viza. Makanisa yao yana kwaya, na kwaya haikosi kijana anayeulizia gitaa la kwanza lisilomuaibisha.

Kwa bei, kijana huyo ana bahati kuliko Bosco. Yamaha ilianza kuuza FG180 mwaka 1966, gitaa la Kijapani la bei ya chini lililojengwa kwa uso wa plaiwudi lakini kwa uangalifu wa kiwanda kikubwa. Nusu karne baadaye, mwaka 2016, ilitoa FG800, ambayo uso wake ni ubao mzima wa msprusi, huku ubavu na mgongo vikibaki plaiwudi, nayo inauzwa kwa dola mia chache za Australia. Mgawanyo huo ni wa busara: panapohitaji sauti pamewekwa ubao, panapohitaji uvumilivu pamewekwa plaiwudi.

Na uvumilivu unahitajika. Tarehe 4 Januari 2020 Penrith, magharibi zaidi ya Parramatta, ilifika nyuzijoto 48.9. Gitaa lililosahauliwa ndani ya gari siku kama hiyo linaweza kulegea gundi ya daraja, na ubao mzima ukikauka sana hupasuka kweli. Wataalamu hupendelea unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Mfuko wa gitaa wenye kitu cha kutunza unyevu ni rahisi kuliko fundi.

Dukani, au kwenye gitaa la mtumba ambalo kwa mfuko mdogo mara nyingi ndilo bora, cha kwanza si jina kichwani. Lichungulie kwenye tundu la sauti ukitazama ukingo wa ubao: mistari ya uso ikishuka moja kwa moja hadi ndani, ni ubao mzima, ukiona tabaka, ni plaiwudi. Kisha shika gitaa kama bunduki, jicho kwenye kichwa, utazame kama shingo imenyooka. Kupinda kidogo kwa mbele ni kawaida na hurekebishwa kwa chuma kilichopita ndani ya shingo. Kupinda kwa kujisokota hakurekebishiki kwa bei ya kijana wa kwaya. Bonyeza kila uzi kwenye kila freti, polepole, ukisikiliza mlio wa kukwaruza. Nyuzi zikiwa juu mno ya shingo, vidole vitaumia na mazoezi yataishia wiki ya pili, kwa hiyo kwenye bajeti tenga fedha ya fundi wa kulirekebisha kabla ya kununua mfuko wa mapambo. Usiache kukagua daraja: likiwa limeanza kunyanyuka nyuma hata kwa unene wa karatasi, teremsha bei au liache.

Bosco mwenyewe aliendelea kupiga gitaa kavu wakati dansi zote zilikuwa zimehamia umeme. Mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport Marekani. Mwaka 1979 mpiga gitaa Mwingereza John Low alikwenda Lubumbashi kujifunza kwake, na mwaka 1988 Bosco alirekodi albamu Cape Town, miaka miwili kabla ya ajali ya gari kumuua Zambia. Anayetaka kujua gitaa kavu lisilo na nyongeza yoyote linaweza nini aanze na hizo rekodi za Cape Town, kisha arudi kwenye "Masanga" ya 1952.