Herufi Zilizopita Sakania: Maneno Mafupi ya Kiingereza katika Kiswahili cha Katanga

Mwanafunzi anayechunguza asili ya maneno katika Kiswahili cha Lubumbashi hufundishwa mapema hatua moja iliyo nyepesi. Aondoe irabu zilizotiwa ili neno litamkike kwa desturi ya Kibantu, abaki na konsonanti, kisha aulize ni neno gani fupi la Kiingereza lililo na herufi hizo. Kwa b na k atapata "book". Kwa b na y atapata "boy". Makala haya yanakusudia kuonyesha faida ya zoezi hilo na pia hatari yake, kwani asiyeangalia ataandika historia isiyokuwapo.

Swali la kwanza ni hili: Kiingereza kilifikaje katika nchi iliyotawaliwa na Wabelgiji? Jibu limelazwa juu ya vyuma. Reli iliyotoka kusini kupitia Bulawayo, Livingstone, Broken Hill (Kabwe ya leo) na Ndola ilifika Sakania mwaka 1909, na mwaka uliofuata ikafika Elisabethville. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeundwa mwaka 1906. Kabla ya reli ya kwenda Port-Francqui kukamilika mwaka 1928, sehemu kubwa ya mashine, bidhaa na shaba ilipita mpaka huo wa kusini. Watu nao walipita. Vibarua wengi waliandikwa kazi katika Rhodesia ya Kaskazini, nao walikuja na Kibemba na maneno ya Kiingereza waliyokwisha kuyafanya yao. Tena Walamba, wenyeji wa eneo hilo, walikuwa wamegawanywa na mpaka uliokubaliwa mwaka 1894. Kwao kuvuka kulikuwa kutembelea ndugu.

Tuchukue neno "motoka". Ndani yake mmejificha "car", lakini herufi ya r ya mwisho haionekani. Kutokuwapo kwake ni ushahidi: neno lilipokewa kwa sikio kutoka kwa wasemaji wasioitamka r hiyo, halikusomwa katika kitabu. Hapo zoezi letu latufaa sana, kwa maana herufi iliyopotea yaweza kusema zaidi kuliko zile zilizobaki.

Lakini "buku" latuonya. Ni kweli kwamba b na k zatupeleka kwenye "book". Hata hivyo Kiholanzi kina "boek", linalotamkwa karibu vilevile, na wamisionari wengi wa Kibelgiji walikuwa Waflamandi. Tena Kilingala, kilicho mbali na reli ya Sakania, kina "buku" pia, na pwani ya Kiswahili ina lake. Basi neno hilo pekee haliwezi kuitwa shahidi wa reli. Na "tiketi" je? Wafaransa walilichukua "ticket" kwa Waingereza, na Waingereza walikuwa wamelipata zamani kutoka Kifaransa cha kale. Herufi t, k, t hazituambii ni mlango upi uliofunguliwa. Mtego mkubwa zaidi ni "kapita", msimamizi wa vibarua. Mwanafunzi mwepesi huona k, p, t na kuandika "captain". Kumbe asili yake ni Kireno, nalo ni neno la enzi za misafara, kabla ya garimoshi la kwanza.

Kwa hiyo herufi hupendekeza tu, na historia ndiyo ihukumuyo. Twapaswa kuuliza: nani alilitumia neno, kazini gani, na mwaka gani?

Hayo yaonekana wazi katika "boyi". Neno la herufi tatu, lenye maana ya mtoto wa kiume, lilitumika kumwita mtu mzima mwenye mke na watoto. Kifaransa cha Kongo kililikubali, hata kikazaa "boyerie", yaani makao ya watumishi nyuma ya nyumba ya bwana. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Elisabethville, aliandika kwa Kiswahili cha mji huo historia yao wenyewe, iitwayo "Vocabulaire". Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri na uchambuzi. Mwandiko wake haufuati kanuni za shuleni; maneno hugawanywa na kuunganishwa bila utaratibu mmoja. Msomaji anayetaka kuusahihisha kwanza ataufuta ushahidi, kwa kuwa humo mmehifadhiwa jinsi watu walivyosikia na kusema.

Tangu mwaka 2015 Sakania imo katika mkoa wa Haut-Katanga, na malori yanapita hapo kwenda na kutoka Ndola. Kwa mazoea, neno lolote geni la Lubumbashi huandikwa upesi kuwa "latoka Kifaransa", kwa sababu Kifaransa ndiyo lugha ya shule. Anayefanya hivyo huwaondoa katika historia vibarua wa kusini waliojenga mji. Na anayeona Kiingereza kila penye konsonanti mbili huwaondoa wale wa misafara waliowatangulia. Tuwafundishe wanafunzi wetu kuhesabu herufi, lakini kabla ya kuandika asili ya neno, waulize lilishuka kituo gani.