Kutoka Redio hadi Kishikwambi: Mafunzo ya Walimu Tabora

Tabora, kituo kikuu cha misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji, ilifikiwa na reli mwaka 1912. Zana za elimu nazo zilifika kwa vipindi. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, nchini kote vijana walisomea ualimu kwa njia ya posta na redio huku wakifundisha shule za msingi. Mwaka 2005, kwa ufadhili wa Sweden, ulianza mradi wa kompyuta katika vyuo vya ualimu vya serikali, ambavyo cha Tabora ni kimojawapo. Lakini shule nyingi za vijijini hazikuwa na umeme. Baada ya Sensa ya 2022, Serikali iligawa vishikwambi kwa walimu. Historia hii inadhihirisha kwamba kifaa huleta tija pale mafunzo yanapomfuata mwalimu darasani mwake.